Salahuddin al-Ayyubi na Kuzingirwa kwa Akka

 Tumeazimia katika kurasa hizi kuwaeleza ndugu zetu habari za Sultani Salahuddin Yusuf bin Ayyub, Mwenyezi Mungu amrehemu. Jina lake si geni kwa yeyote katika miji yetu, bali wako watoto wengi walioitwa kwa jina hilo. Lakini hatutaki kumweleza kama ilivyozoeleka. Ukisikiliza hotuba zetu na mazungumzo ya barazani utaisikia Hittin, na utasikia jinsi Baitul Muqaddas ilivyorudi mikononi mwa Waislamu. Kisha msemaji hunyamaza, watu wakapiga takbiri, wakenda zao majumbani wamefurahi. Habari ya Akka haitajwi. Nayo Akka ilimshika Sultani huyu karibu miaka 2 kamili, ikamla mali yake na afya yake, na mwisho wake akashindwa.

Sisi twaona kwamba anayesoma ushindi wa wazee wake peke yake ni kama mwenye duka anayehesabu mapato asihesabu madeni: hufurahi kila jioni mpaka siku ya kufilisika. Kwa hivyo leo tutafungua daftari la madeni.

Kuzaliwa na kulelewa kwake

Salahuddin alizaliwa katika ngome ya Tikrit, nchi ya Iraq, mwaka 532 H. (1137–1138). Hakuwa Mwarabu. Alikuwa Mkurdi, na asili ya wazee wake ni mji wa Duwin, upande wa Armenia. Hili twalitaja kwa makusudi, kwani wako kati yetu hata leo wanaompima Muislamu kwa kabila lake kabla ya kumpima kwa dini yake na vitendo vyake. Babake, Najmuddin Ayyub, alikuwa msimamizi wa ngome hiyo, kisha akahamia kwa Imaduddin Zangi, akapewa kuutawala mji wa Baalbek. Kijana akakulia huko na Dimashq, akasoma Qur'ani na Hadithi na fiqhi ya madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo madhehebu yetu sisi watu wa pwani. Mapenzi yake ya Hadithi hayakumtoka maisha yake yote. Hata vitani, baina ya safu mbili, alipata kusomewa Hadithi naye yu juu ya farasi wake.

Mwalimu wake katika utawala alikuwa Sultani Nuruddin Mahmud, mwana wa Zangi. Nuruddin alipopeleka majeshi Misri alimweka juu yake Asaduddin Shirkuh, ami yake Salahuddin, na kijana akafuatana na ami yake. Katika safari ya pili, mwaka 1167, Shirkuh alimwacha Iskandaria na askari wachache aulinde mji huo. Mafaranji, yaani wale Wazungu wa Vita vya Msalaba, pamoja na jeshi la Waziri wa Misri, wakauzingira kwa zaidi ya miezi 2. Njaa ikaingia, lakini Salahuddin akasimama pamoja na raia wa mji mpaka sulhu ikapatikana. Basi tukumbuke kwamba mtu huyu alionja kuzingirwa akiwa ndani ya ukuta, kabla ya kuona wenzake wakizingirwa naye yuko nje.

Mwaka 1169 Shirkuh akafariki, na Salahuddin akawa Waziri wa Misri. Mwaka 567 H. (1171) ukaisha ukhalifa wa Kifatimi, na Misri ikarudi katika utiifu wa Khalifa wa Baghdad. Mapema kabisa katika utawala wake alijenga madrasa za Kishafii na za Kimaliki karibu na msikiti wa Amr bin al-Aas. Mwenye kutaka kujua siri ya nguvu zake na aanzie hapo: alianza kwa madrasa, panga zikafuata baadaye. Nuruddin alipofariki mwaka 1174, Salahuddin akaingia Dimashq; mwaka 1183 akaipata Halab; na mwaka 1186 Mosul ikakubali amri yake. Miaka 12 ilimpita katika kuwaunganisha Waislamu kabla ya kukutana na adui kwa nguvu zote.

Hittin, Baitul Muqaddas, na mji uliosahauliwa

Katika mwezi wa Rabi'uth-Thani mwaka 583 H., tarehe 4 Julai 1187, jeshi la Mafaranji lilivunjwa Hittin, na mfalme wao Guy akatekwa. Siku chache baadaye Akka ikafungua milango yake bila ya vita vikubwa. Tarehe 27 Rajab, yaani 2 Oktoba 1187, Sultani akaingia Baitul Muqaddas. Mafaranji walipouteka mji huo mwaka 1099 walichinja watu wake. Yeye alipoingia hakuchinja. Aliwatoza fidia, dinari 10 kwa mwanamume na dinari 5 kwa mwanamke, na maskini wengi wakaachiliwa bila ya malipo.

Haya ndiyo yanayosimuliwa. Yasiyosimuliwa ni kwamba ulibaki mji mmoja wa bandari, nao ni Sur. Kila ngome iliyosalimu amri, Sultani aliwaruhusu watu wake waende watakako, na wengi wakenda Sur. Ikawa kama mtu anayefagia nyumba yake vizuri, lakini taka zote akazirundika katika pembe moja. Akatokea baharini mtu shujaa wa Kifaranji, Conrad wa Montferrat, akautengeneza mji na kuutia nguvu. Salahuddin akaenda kuuzingira mwishoni mwa mwaka 1187, lakini wakati ulikuwa wa baridi na mvua, askari wamechoka, na merikebu zake 5 zikatekwa usiku kwa uzembe wa mabaharia. Maamiri wakataka kurudi majumbani kwao, na mzingiro ukavunjwa. Mwaka uliofuata akamwachilia Mfalme Guy baada ya kuapa kwamba hatapigana naye tena. Guy akafunguliwa na mapadri wake kiapo hicho, akakusanya watu.

Akka yazingirwa

Mwisho wa Agosti 1189, katika mwezi wa Rajab 585 H., Guy alitoka Sur akafuata njia ya pwani mpaka Akka, akapiga mahema juu ya kilima mbele ya mji. Salahuddin alitaka kumpiga njiani kabla hajafika. Maamiri wake wakashauri vingine: wafuate njia iliyo nyepesi, wampige akisha tua. Akawasikiliza. Walipofika wakamkuta adui amekwisha jishika ardhini, na kila siku merikebu zikimletea watu kutoka Ulaya.

Ikawa ajabu ambayo haionekani mara nyingi katika vita: Waislamu wako ndani ya mji, Mafaranji wameuzunguka mji kutoka ufuo hata ufuo, na jeshi la Salahuddin limewazunguka Mafaranji. Anayezingira naye amezingirwa. Tarehe 4 Oktoba 1189 palikuwa na vita vikubwa uwandani. Upande mmoja wa jeshi la Waislamu ulivunjika hata wengine wakakimbia mbali, lakini Sultani akasimama na watu wachache, akawakusanya waliotawanyika, na Mafaranji wakarudishwa kwa hasara kubwa. Laiti wangefuatwa siku ile na siku za mbele yake! Lakini maiti walikuwa wamejaa uwandani, hewa ikaharibika, na Sultani mwenyewe akashikwa na ugonjwa wa tumbo. Matabibu na maamiri wakamshauri aondoke mahali pale, naye akarudi nyuma mpaka al-Kharruba. Mafaranji hawakulala. Walichimba handaki kutoka bahari hata bahari, wakainua boma la udongo juu yake. Waislamu waliporudi hapakuwa na njia tena ya kuwafikia ila kwa kuingia mautini. Siku chache za kupumzika zililipwa kwa karibu miaka 2.

Watu wa Akka

Sasa tuwataje watu waliokuwa ndani, kwani masultani hutajwa kila mahali lakini watu wadogo husahauliwa.

Mkubwa wa ulinzi alikuwa Bahauddin Qaraqush, fundi wa kujenga ngome, ambaye ndiye aliyesimamia ujenzi wa kuta za Cairo. Katika masika ya huko, mwaka 1190, Mafaranji walileta minara 3 ya mbao, mirefu kuliko ukuta wa mji, imevikwa ngozi zilizolowekwa katika siki ili moto usishike. Watupaji moto wote walijaribu wakashindwa, na watu wa mji wakakata tamaa. Alikuwapo kijana mmoja kutoka Dimashq, mwana wa mfua shaba, ambaye si askari. Kazi yake ilikuwa kujaribu dawa za moto, na watu walikuwa wakimlaumu kwa kupoteza mali yake katika mambo hayo. Akaomba ruhusa, akachanganya nafta na dawa alizozijua mwenyewe, akazitia katika vyungu, zikatupwa kwa manjaniki. Minara yote 3 ikawaka mmoja baada ya mmoja. Sultani alipotaka kumpa mali na ardhi alikataa, akasema kwamba alilolifanya alilifanya kwa ajili ya Mwenyezi Mungu.

Alikuwapo na Isa, mzamiaji. Kazi yake ilikuwa kufunga barua na pesa kiunoni, kuogelea usiku chini ya merikebu za adui, na kuibukia ndani ya bandari. Akifika salama, hurushwa njiwa kuleta habari. Usiku mmoja alikwenda, na njiwa hakuja. Baada ya siku kadha watu wa Akka wakaona maiti imetupwa na maji ufuoni. Walipoipindua wakamjua kuwa ni Isa, na kiunoni mwake dhahabu ni ile ile na barua ni zile zile. Mtu huyu aliitimiza amana akiwa hai, akaitimiza na alipokuwa maiti. Nasi, tulio hai, tumekabidhiwa mali ya wakfu na mali ya mayatima. Kila mmoja na ajipime na Isa.

Walikuwapo na mabaharia wa Beirut. Katika mwaka huo wa 1190 njaa ilikuwa imeanza mjini. Wakapakia merikebu magunia 400 ya ngano, na jibini, na vitunguu, na kondoo. Wakanyoa ndevu zao, wakavaa nguo za Kifaranji, wakaweka misalaba, na wakafunga nguruwe juu ya sitaha waonekane kwa mbali. Wakapita katikati ya merikebu za adui wakidhaniwa ni wenzao, kisha upepo ukawasukuma, wakaingia bandarini. Twawaombea rehema, na twawakumbusha wale wanaodhani kwamba dini ni sura ya nje peke yake: watu hawa walinyoa ndevu zao kwa dharura ili kuwaokoa wenzao wasife kwa njaa, wala hapana anayeshuku dini yao.

Katika Shaabani mwaka 586 H. Qaraqush alimwandikia Sultani kwa siri kwamba ukifika usiku wa nusu ya Shaabani hakitabaki chakula mjini. Sultani akaificha barua hiyo, asije adui akapata habari wala askari wake wakavunjika moyo. Siku yenyewe merikebu 3 kutoka Misri zikaonekana. Mafaranji wakazikimbilia, na Waislamu wakasimama ufuoni vichwa wazi wakimwomba Mola wao, na upepo ukazifikisha bandarini salama.

Makosa ya wenyewe

Ingalikuwa ushujaa peke yake wafaa, Akka isingalianguka. Lakini katika majira ya baridi ya mwaka 1190–1191, bahari ilipochafuka na merikebu za Mafaranji zikaondoka, njia ikafunguka. Sultani aliwahurumia walinzi waliochoka, akaamuru watolewe na waingie wengine. Shauri lilikuwa jema, lakini utendaji wake ulikuwa mbaya. Walitoka maamiri 60, wakaingia 20. Waliotoka walikuwa wanaujua mji na ukuta na hila za adui. Walioingia hawakuwa na mazoea. Waliosimamia kazi hiyo waliichukulia kwa uzito wa ofisi na karatasi, na huku siku za utulivu wa adui zikipita. Na merikebu 7 zilizoleta vyakula zikavunjika juu ya miamba mlangoni mwa bandari, vikapotea vyote.

La pili ni zito zaidi. Taqiuddin Umar, mtoto wa nduguye Sultani, ndiye aliyekuwa shujaa mkubwa wa jeshi. Mwanzo wa mwaka 1191 alipewa nchi ng'ambo ya mto Furat, akaenda kuzipokea pamoja na askari wake. Badala ya kurudi upesi alijiingiza katika ugomvi na watawala wa Kiislamu wa jirani, akafa huko huko katika Ramadhani ya mwaka huo. Siku Akka ilipokuwa ikipigwa, mapanga yaliyoweza kuisaidia yalikuwa yakipigana na Waislamu wenzao kwa ajili ya mipaka ya mashamba.

La tatu ni kwamba Sultani aliomba msaada kwa wenziwe. Alimwandikia Khalifa wa Baghdad, na kilichopatikana kilikuwa kidogo. Alipeleka mjumbe mpaka Maghrib, kwa Yaaqub al-Mansur, mwenye merikebu nyingi, akiomba zije kuziba njia ya bahari. Merikebu hazikuja. Wapo waliosema sababu ni kwamba barua haikumwita Amiri wa Waumini. Basi jina moja katika barua likawa zito kuliko mji wa Waislamu.

Kuanguka kwa Akka

Frederick, mfalme wa Wajerumani, aliyekuja kwa njia ya bara na jeshi kubwa, alizama mtoni Juni 1190, na jeshi lake likatawanyika. Lakini Aprili 1191 akafika Philip, mfalme wa Ufaransa, na tarehe 8 Juni akafika Richard, mfalme wa Uingereza, baada ya kukiteka kisiwa cha Cyprus. Karibu na siku hizo merikebu kubwa ilitoka Beirut na watu 650 na silaha nyingi. Richard akaikuta baharini, akaizunguka. Nahodha wake, Yaaqub wa Halab, alipoona hapana kuokoka, aliitoboa merikebu yake mwenyewe ikazama na vyote vilivyokuwamo, adui asifaidike navyo.

Manjaniki zikapiga ukuta usiku na mchana. Mafaranji walikuwa wengi, wakipigana kwa zamu; waliomo mjini walikuwa wachache, hawana wa kuwapokea. Sultani alikuwa amejaa majipu kutoka kiunoni hata magotini, hawezi kukaa mezani kula, na juu ya hayo alipanda farasi akazunguka katika safu akiwahimiza watu huku machozi yakimtoka. Kila akishambulia, handaki lile lililochimbwa alipokuwa mgonjwa ndilo lililomzuia. Baadhi ya maamiri wakatoroka mjini usiku kwa mashua. Tarehe 17 Jumada'th-Thani 587 H. (12 Julai 1191) waliobaki wakasalimu amri kwa ahadi ya dinari 200,000 na kuachiliwa kwa mateka wa Kifaranji. Sultani alikuwa angali akitaka kuandika kuyakataa masharti hayo, mara akaona bendera za adui juu ya kuta.

Kisha likaja la kuhuzunisha zaidi. Palipotokea khitilafu juu ya namna ya kulipa na kubadilishana mateka, Richard aliwatoa nje ya mji Waislamu wapatao 3,000 waliofungwa kamba, nao wako katika amani ya mapatano, akawaua wote. Siku hiyo ilikuwa 27 Rajab, miaka 4 kamili tangu siku Salahuddin alipoingia Baitul Muqaddas akasamehe. Insafu yatulazimu kusema kwamba Salahuddin naye baada ya Hittin aliwaua mashujaa wa vyama vya kidini vya Mafaranji waliotekwa, na baada ya Akka kwa muda aliwaua mateka kwa ghadhabu. Hatumfanyi kuwa malaika. Lakini ukiyapima maisha yake yote, huruma yake ndiyo iliyozidi. Katika siku hizo hizo za mzingiro, mwanamke wa Kifaranji aliyeibiwa mtoto wake mchanga alimjia akilia. Sultani akaamuru mtoto atafutwe, akakutwa amekwisha uzwa sokoni; akalipa thamani yake, akamrudisha mikononi mwa mamake, na hakuondoka mpaka alipomwona anamnyonyesha.

Baada ya Akka

Aliyeanguka namna hii angaliweza kukata tamaa. Salahuddin hakukata. Alishindwa tena Arsuf mwezi wa Septemba 1191, na hapo akajua kwamba hawezi kuilinda Asqalan na Baitul Muqaddas pamoja, na askari wake, baada ya waliyoyaona Akka, hawakubali kufungiwa ndani ya ukuta. Akaamuru Asqalan ivunjwe, mji mzuri wa bandari, akisimamia mwenyewe kazi hiyo kwa uchungu mkubwa, kusudi adui asiutumie. Kisha nguvu zote akaziweka Baitul Muqaddas. Richard aliukaribia mji mara 2, na mara 2 akarudi bila ya kuuzingira. Tarehe 2 Septemba 1192 wakafanya sulhu: pwani kutoka Sur mpaka Jaffa ikabaki kwa Mafaranji, Baitul Muqaddas ikabaki kwa Waislamu, na mahaji wa Kikristo wakaruhusiwa kuzuru kwa amani.

Tarehe 27 Safar 589 H. (4 Machi 1193) Sultani akafariki Dimashq, umri wake miaka 57 ya Hijra. Mtawala wa Misri na Sham hakuacha katika hazina yake mwenyewe ila dirhamu 47 na dinari moja ya dhahabu. Hakuacha nyumba wala shamba, na vitu vya maziko yake vilipatikana kwa kukopa.

Mafunzo yake kwa majeshi ya leo

Vijana wetu wamo katika majeshi ya nchi hii. Kambi ya wanamaji ya Mtongwe iko mbele ya macho yetu. Na ulimwenguni ziko nchi nyingi za Waislamu zenye silaha ambazo Salahuddin hakuziota. Basi yafaa waulizane: Akka yawafundisha nini?

Kwanza, mji wa bandari huokolewa au hupotea baharini. Jeshi la Salahuddin barani lilikuwa na nguvu, lakini njia ya maji ilipofungwa, ushujaa wa barani haukufaa. Sisi watu wa Mombasa tuna shahidi wa hilo mlangoni petu. Ngome tunayopita kila siku ilizingirwa na majeshi ya Imamu wa Oman tangu Machi 1696 mpaka Desemba 1698, takriban miezi 33, na wote wawili, waliokuwa ndani na waliokuwa nje, walikuwa wakitazama bahari kuona merikebu ya nani itatokea. Njaa na maradhi viliua ndani ya ngome ile kuliko mapanga.

Pili, jeshi huvunjwa na mambo madogo yasiyosimamiwa. Zamu ya askari, hesabu ya magunia, kuwapumzisha waliochoka kwa wakati wake, kumpeleka mwenye mazoea mahali pa hatari: hayo hayaimbwi katika mashairi, lakini maamiri 20 badala ya 60 ndio walioipoteza Akka. Mkubwa asitosheke na kutoa amri. Afuate mpaka aone imetimizwa.

Tatu, ilimu ni silaha. Minara ile haikuchomwa kwa hirizi wala kwa kombe, bali kwa ujuzi wa kijana aliyesoma tabia ya moto kwa miaka huku akichekwa. Waislamu wa Akka waliomba dua, nao waliomba kweli kweli. Lakini walioomba walikuwa wamekwisha pakia ngano. Sisi tumeshika nusu ya sunna yao tukaiacha nusu. Watoto wetu tunawanunulia hirizi za kushinda mitihani, na kitabu cha hesabu tunasema ni ghali.

Nne, askari hupambanuliwa na muuaji kwa namna anavyomtendea asiye na silaha. Kuuzingira mji ni kuwazingira watoto na wazee pia. Katika zama zetu Sarajevo ilizingirwa tangu mwaka 1992 mpaka 1996, na watu wa kawaida wakauawa wakiwa katika foleni za mikate na maji. Jina la Richard limebeba damu ya Akka kwa zaidi ya miaka 800, na kila mkuu wa jeshi anayewanyima chakula wanawake na watoto, awe Muislamu au asiwe, na ajue kwamba atahesabiwa katika tarikh, na mbele ya Mola wake hesabu ni nzito zaidi.

Neno la mwisho tunawapa vijana wetu. Wako wanaowajia kwa siri, wakawasomea habari za Salahuddin, wakawavuta kwenda kupigana vita wasivyovijua asili yake wala mwisho wake, pengine kumwaga damu ya Waislamu wenzao na ya jirani zao wasio na kosa. Wamewadanganya juu ya mtu huyu. Salahuddin alikuwa mtawala mwenye dola, mwenye wanachuoni wa kumshauri, aliyetimiza mapatano na kutaka sulhu. Mwenye kumtega mpita njia au kumtia hofu mwenye duka hamfuati Salahuddin. Anafuata njia ya wale waliochinja mateka nje ya Akka. Mzazi mwenye kijana na akae naye leo, kabla hajakaa naye mwingine.

Akka ilianguka kwa sababu Waislamu walikuwa wengi lakini kila mmoja alishika lake: huyu shamba lake, huyu jina lake katika barua, huyu mapumziko yake. Baitul Muqaddas ilibaki kwa sababu mmoja wao alikubali kuvunja mji wake mwenyewe kwa faida ya wote. Kila mwenye msikiti, na chama, na madrasa katika mji wetu, na ajiulize yumo katika kundi lipi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu Salahuddin, na amrehemu Isa mzamiaji, na mwana wa mfua shaba, na mabaharia wa Beirut, na wote waliokufa Akka; atupe ilimu yenye kutufaa na umoja usio wa maneno. Amin.